Ajali ya Nyuklia: Kwa Nini Wataalamu Hubishana Kuhusu Wagonjwa

Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka wa 2024 kupinga kinu cha umeme wa nyuklia. Baadaye serikali iligeuzia macho Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Sisi wa Mutuini, Dagoretti, Nairobi, tuko mbali na kote kuwili, lakini swali lao ni letu pia: ajali ikitokea, nani atathibitisha kilichotufanya tuugue?

Tuanze na lisilo na ubishi. Tarehe 26 Aprili 1986, kinu nambari 4 cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka. Iodini yenye mionzi ilitua kwenye nyasi, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, nayo ikajikusanya katika tezi ya shingo. Mfugaji yeyote wa Dagoretti anaielewa njia hiyo. Kufikia mwaka wa 2005, visa zaidi ya 6,000 vya saratani ya tezi hiyo vilikuwa vimepatikana Belarus, Ukraine na sehemu za Urusi, kwa waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali. Sehemu kubwa ilitokana na maziwa hayo. Iodini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hivyo kuwanyima watoto maziwa hayo kwa wiki chache kungewakinga wengi.

Ubishi huzuka kwenye idadi ya vifo. Mwaka wa 2005, Jukwaa la Chernobyl, lililoshirikisha mashirika ya Umoja wa Mataifa, lilikadiria kwamba vifo vingefikia 4,000. Mwaka uliofuata, ripoti nyingine, iitwayo TORCH, ilisema 30,000 hadi 60,000. Tofauti kubwa ni nani aliyehesabiwa: Jukwaa liliwatazama watu kama 600,000 waliopata mionzi mingi zaidi, TORCH ikahesabu dunia nzima, wakiwemo mamilioni waliopata kidogo sana.

Isitoshe, vifo hivyo ni vigumu kuthibitisha kwa sababu saratani haina alama ya kilichoileta. Sumu ya madini ya risasi huweza kupimwa katika damu, kama ilivyofanywa kwa wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa. Lakini uvimbe uliosababishwa na mionzi hufanana na mwingine wowote, na saratani huua watu wengi hata pasipo ajali. Nyongeza ndogo humezwa na idadi hiyo.

Fukushima, Japani, iliongeza fundisho jingine. Baada ya ajali ya Machi 2011, watoto wapatao 300,000 walipimwa shingo, na kadiri miaka ilivyopita, watoto zaidi ya 200 wakapatikana na saratani au dalili zake. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya mionzi ilisema mwaka wa 2021 kwamba huenda vipimo makini ndivyo vilivyofichua uvimbe ambao usingeonekana. Mtaalamu Toshihide Tsuda na wenzake wanasisitiza kwamba ongezeko ni la kweli. Wakati huohuo, dhiki za kuhamishwa ziliua zaidi ya watu 2,000 katika mkoa huo, wengi wao wazee.

Mabishano haya yangepungua kama hali ya afya ingejulikana vyema kabla ya ajali. Nairobi ina daftari la saratani chini ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, tangu mwaka wa 2001. Kaunti yoyote itakayopewa kinu inastahili daftari kamili lenye miaka ya kutosha kabla ya ujenzi, likitunzwa na wasio na maslahi katika mradi, na wakazi waruhusiwe kulisoma. Serikali ilipie daftari hilo kwanza, ndipo izungumzie umeme.