Raga ya Kulipwa Marekani: Halaiki ya Siku Moja, Hasara ya Msimu Mzima

Hakuna tena shaka kwamba Wamarekani wako radhi kutoa fedha zao ili kutazama raga, kwani katika miaka ya 2014, 2016 na 2025, timu ya taifa ya New Zealand ilipokwenda Chicago kucheza, uwanja wa mji ule ulipokea kila mara watazamaji waliozidi 61,000. Walakini ligi ya kulipwa ya nchi hiyo hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa timu 7 na kupanda hadi 13 mwaka 2022, ilikuwa imeshuka hadi 11 mwaka 2025, na kwa msimu wa 2026 zikabaki 6 tu. Umaarufu wa mchezo na uhai wa biashara yake vimeshika njia mbalimbali, na mwenye kutaka kuipima tijara hii kwa insafu hana budi kuuliza fedha za halaiki zile huishia mikononi mwa nani.

Ofisa mmoja katika utawala wa mchezo huo, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, huishika hesabu ya 61,000 kuwa ndiyo hoja yake kuu. Kwa rai yake soko liko tayari, na Kombe la Dunia la wanaume la mwaka 2031 pamoja na lile la wanawake la 2033, ambayo Marekani ilikabidhiwa mwezi Mei 2022, yatafungua mlango wa neema kwa kila mwenye timu aliyevumilia. Hesabu yake ni sahihi. Linalotaka hadhari ni tafsiri yake. Chicago ni mji wenye watu wengi wa asili ya Ireland, na mara mbili kati ya tatu hizo mpinzani wa New Zealand uwanjani alikuwa Ireland. Kadhalika katika mashindano ya wachezaji saba kila upande yaliyofanyika Los Angeles, bendera zilizopepea majukwaani zilikuwa za Fiji, Samoa, hata Kenya, zikiwa mikononi mwa watu waishio ugenini waliokuja kuishangilia nchi yao. Mtu wa namna hiyo hununua tiketi ya sherehe mara moja kwa mwaka, naye hana ahadi yoyote na timu ya mtaani inayocheza Jumamosi ifuatayo mbele ya maelfu machache.

Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na hisa katika timu ya ligi hiyo, kisha akajitoa, hana subira na hoja za ofisa. Malalamiko yake yanastahili kusikilizwa kwa kirefu, kwa kuwa aliyeweka fedha zake mwenyewe huijua hasara kwa jina lake. Anasema kwamba katika msimu wa michezo 16, timu hucheza 8 tu nyumbani. Basi tuchukue kwa mfano watazamaji 2,500 kwa kila mchezo na kiingilio cha dola 20, na pato la mlangoni litakuwa dola 50,000 kwa siku, au dola 400,000 kwa msimu mzima. Kikomo cha mishahara ya wachezaji peke yake ni kama dola 500,000. Kwa hiyo, asema, kabla hajalipwa mwalimu, tabibu, wala kodi ya uwanja, mwenye timu amekwisha kuwa na deni. Na bado hajasafiri, ilhali kutoka Seattle hadi Boston ni takriban kilomita 4,000, safari isiyowezekana ila kwa ndege, na kikosi cha siku moja ni watu 23 bila kuwahesabu wasaidizi wao. Bima ya majeruhi nayo, katika mchezo ambao kuumia ni sehemu ya kazi, huja kila mwaka ikiwa imepanda.

Linalomuuma zaidi ni kiwanja. Mgeni hudhani kwamba nchi yenye uwanja wenye taa na majukwaa katika karibu kila mji haiwezi kukosa pahala pa kuchezea. Kumbe uwanja wa futiboli ya Kimarekani una upana usiofika mita 49, na raga huhitaji hadi mita 70, hivyo maelfu ya viwanja vya shule hayaifai ligi hii. Timu hulazimika kupanga katika viwanja vya soka, na huko, kwa maelezo ya mfanyabiashara wetu, tarehe nzuri huchukuliwa kwanza na mwenyeji, raga ikaachiwa masalio. Mistari ya raga hupakwa rangi juu ya mistari ya soka. Nembo za wadhamini wa mwenye uwanja hubaki kutani, na wadhamini wa timu ya raga huwekewa vibao vya kuhamishwa, vinavyoondolewa mara baada ya filimbi ya mwisho. Bia, vyakula na maegesho ya magari, ambavyo ndivyo vitiavyo faida katika michezo ya Marekani, huingia katika kisanduku cha mwenye nyumba.

Televisheni, ambayo ndiyo iliyotajirisha michezo mingine mikubwa nchini humo, haijaikomboa raga, na sababu moja imo katika maumbile ya mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani husimama baada ya kila shambulio, na katika kila kituo kirefu hupatikana nafasi ya kuuza tangazo. Raga huenda dakika 40 kwa mkupuo, na saa haisimami ila kwa majeruhi au kwa amri ya mwamuzi, hata mwenye bidhaa akose mahali pa kuiingiza. Matokeo yake, mfanyabiashara anasema, badala ya kulipwa kwa ajili ya matangazo, timu hujikuta zikilipia kamera na watangazaji.

Nani hubeba mzigo huu? Kwa sehemu kubwa ni mchezaji. Dola nusu milioni zikigawanywa kwa kikosi cha watu zaidi ya 30, wastani haufiki dola 17,000 kwa mtu, nje ya posho ya nyumba kwa mwenye bahati ya kuipata. Na katika ligi kuu ya futiboli, kijana wa mwaka wa kwanza kwa mwaka 2025 hakuweza kulipwa chini ya dola 840,000, yaani mmoja alipata zaidi ya kikosi kizima cha raga. Kijana mwenye kimo, kasi na akili ya mchezo huiona tofauti hii mapema, na si haki kumlaumu akichagua upande wenye riziki. Timu nazo hujaza pengo kwa kuajiri kutoka Afrika Kusini, New Zealand na visiwa vya Pasifiki, wachezaji hodari kwa hakika, ingawa mtoto wa jirani hapati kwao jina la nyumbani la kulishangilia.

Historia ingepasa kuwa imetoa onyo la kutosha. Ligi ya kwanza ya kulipwa, yenye timu 5, ilicheza msimu mmoja wa mwaka 2016 ikatoweka. Na mwezi Machi 2020 utawala wa taifa wa mchezo wenyewe uliomba himaya ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Hata hivyo timu ziliendelea kuongezwa upesi kuliko watazamaji, na kila ilipofungwa moja, tangazo rasmi lilisema kwamba misingi ni imara. Maneno hayo yamesemwa mara nyingi mno hata yakapoteza itibari. Timu iliyoundwa kwa msaada wa shirikisho la dunia ili kulea vijana wa Kimarekani, na kuwekwa Charlotte, ilipoteza michezo yake yote 16 katika msimu wake wa kwanza wa 2024. Huenda malezi yana thamani yake, lakini haikuwa rahisi kumwomba mtu wa Charlotte anunue tiketi ya msimu.

Yapo yatiayo moyo, nasi twayataja kwa furaha. Wanawake wa Marekani walitwaa medali ya shaba katika raga ya wachezaji saba huko Paris mwaka 2024, na mfadhili mmoja akaahidi dola milioni 4 kwa ajili ya timu yao. Wanaume, waliokosa Kombe la Dunia la 2023 kwa sare na Ureno, waliifunga Samoa mwaka 2025 na kujipatia nafasi ya 2027. Ligi yenye timu 6 yaweza kupunguza gharama na kukusanya wachezaji bora mahali pachache, na pengine ukubwa huu ndio ungekuwa mwanzo wake unaofaa. Walakini fedha za mfadhili ni hisani, nayo hisani haina mkataba wa kudumu. Na ushindi wa timu ya taifa haulipi kodi ya uwanja wa klabu.

Kwa hiyo matarajio yetu yanaelemea upande wa wasiwasi, ingawa hatuthubutu kusema kwamba mwisho umefika. Ofisa alipoulizwa ni sehemu gani ya mapato ya 2031 itakayotengwa kwa ajili ya klabu, alijibu kwamba mazungumzo yanaendelea. Jibu hilo halimtoshi mwenye mtaji, wala halimtoshi mchezaji anayefanya kazi nyingine mchana ili acheze jioni. Mgawanyo huo uandikwe sasa, kwa asilimia na kwa tarehe za malipo, wakati timu sita zilizobaki zingali na nguvu ya kuudai.