Zaidi ya Bomba: Istilahi na Ufafanuzi wa Urekebishaji wa Ekzosi ya Gari

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi ekzosi ya gari inavyorekebishwa ili gesi itoke kwa wepesi. Hoja yake ni kwamba jina "bomba la moshi" linaficha sehemu kubwa ya kazi ya mfumo huo, na kwamba ufafanuzi finyu humgharimu mwenye gari.

Utangulizi

Ekzosi ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, na aghalabu hufafanuliwa kuwa bomba la kutolea moshi. Ufafanuzi huu si kosa, lakini humfanya msikilizaji aamini kwamba bomba likipanuliwa gari litapata nguvu, kama mfereji mpana upitishavyo maji mengi. Kwa imani hiyo, bomba la nyuma ndilo hukatwa kwanza, ilhali vizuizi vikubwa mara nyingi vimo katika manifoldi, kigeuzigesi na sailensa.

Mwenendo wa gesi

Gesi haitoki kwa mfululizo kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mikupuo. Kila vali ya kutolea inapofunguka, gesi yenye joto na kanieneo kubwa hufyatuka, na nyuma yake kanieneo hushuka. Katika injini ya mipigo minne, kuna kipindi kifupi ambapo vali ya kutolea na ya kuingizia huwa wazi kwa pamoja. Mkupuo ukienda kasi, mshuko huo wa kanieneo husaidia kufyonza mabaki yaliyomo katika silinda na kuvuta hewa mpya.

Hivyo, upana una gharama. Kipenyo kikiongezwa kutoka milimita 50 hadi 63, eneo la tundu huongezeka kwa takribani asilimia 59. Kwa kiasi kilekile cha gesi, kasi hubaki kama asilimia 63 ya ile ya awali. Gari la kawaida huweza kupoteza nguvu katika mizunguko ya chini, yaani pale linapoanza kuondoka.

Hatua za urekebishaji

Fundi makini huanzia kwenye injini. Hufunga manifoldi yenye mirija inayokaribiana kwa urefu, ili mikupuo isigongane. Hukunja kona bila kubana tundu, kisha huchagua sailensa inayopitisha gesi kwa unyoofu. Aidha, huziba kila mvujo, kwa sababu hewa ikipenya kabla ya sensa ya oksijeni, kompyuta ya injini hudhani kwamba mafuta ni pungufu, ikayaongeza bure.

Kigeuzigesi kinahitaji uangalifu zaidi. Ndani yake mna vitundu mithili ya sega la nyuki, vilivyopakwa madini kama platini na paladi. Hapo kaboni monoksidi, ambayo ni sumu, hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi. Anayekiita "kizuizi" hukitoa. Anayekiita "kigeuzigesi" huuliza kwanza kinageuza nini.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza ekzosi ifafanuliwe kuwa mfumo unaoongoza gesi kutoka kwenye injini, kuisafisha na kutuliza sauti yake. Ufafanuzi huo ukiingizwa katika kamusi na vitabu vya mafunzo ya ufundi, mwanagenzi atajua kwamba anapokata bomba anagusa kazi tatu, na mwenye gari ataweza kumuuliza fundi maswali kwa Kiswahili kabla ya msumeno kuwashwa.