Mbwa Anayekwenda Kambini Achanjwe Mapema

Msimu wa mpunga unapowadia, familia nyingi za Momba, pamoja na baadhi ya wakazi wa Tunduma, huhamia kwa majuma kadhaa katika mashamba ya bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Kamsamba na Ivuna. Wavuvi nao huweka kambi kandokando ya ziwa, na wafugaji hufuata malisho. Katika safari hizo mbwa hakosekani. Hulinda mazao dhidi ya nguruwe pori na nyani, na usiku huwa wa kwanza kusikia hatua za fisi. Hata hivyo, majembe hunolewa na magunia hukaguliwa kabla ya safari, ilhali mbwa huondoka bila kutazamwa na mtaalamu yeyote.

Hatari kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa na huingia mwilini kwa kung'atwa, kuparuzwa au kulambwa penye jeraha. Kambini mbwa hukutana na mbwa wageni, mbweha na fisi. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kinga huhitaji takribani mwezi mmoja kujengeka baada ya chanjo ya kwanza. Hivyo anayesubiri hadi juma la kuondoka amechelewa, ingawa kuchanja kwa kuchelewa ni afadhali kuliko kutochanja kabisa. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa kuhusu ratiba, na kadi ya chanjo isafiri pamoja na mwenye mbwa.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni mabadiliko ya tabia: mbwa mpole hugeuka mkali, au mkali hujificha gizani na kukataa chakula. Baadaye hutokwa na udenda, sauti hubadilika na miguu ya nyuma hulegea. Wapo mbwa ambao taya huanguka na mdomo kubaki wazi, wakaonekana kama waliokwamwa na mfupa kooni. Hapo mwenye huruma huingiza mkono ili autoe mfupa huo. Asithubutu kufanya hivyo.

Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Pilipili, mafuta ya taa na majani yaliyosagwa visipakwe. Kisha aende kituo cha huduma za afya siku hiyo hiyo. Si kila zahanati huwa na chanjo. Iwapo haipo, aombe kuelekezwa inakopatikana, na akianza dozi azimalize zote. Safari ya kutoka bondeni ni ndefu na nauli ni mzigo wakati wa mavuno, lakini ugonjwa huu ukishaonesha dalili kwa binadamu karibu kila mgonjwa hufariki. Mara nyingi dalili huja baada ya miezi miwili au mitatu, wakati familia imekwisha kurudi nyumbani na kidonda kimesahaulika.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa hasira na kufukiwa upesi. Ikiwa anaweza kufungiwa bila mtu kumgusa, aangaliwe kwa siku 10 na afisa mifugo ajulishwe; akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa akiambukiza alipong'ata. Majeruhi, hata hivyo, asisubiri matokeo hayo ndipo aende kutibiwa.

Yapo matatizo mengine mepesi zaidi. Bondeni kuna joto kuliko nyanda za juu za Mbozi, na mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Akihema kupita kiasi na kuyumba, apelekwe kivulini, aloweshwe maji ya kawaida na apewe ya kunywa kidogo kidogo. Kupe ang'olewe taratibu kwa kumvuta moja kwa moja, bila kumponda kwa vidole. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimwagwe juu ya mbwa kwa kukisia kipimo, kwani inaweza kumuua; vivyo hivyo vidonge vya maumivu vya binadamu, hususan diklofenaki. Mahali penye mbung'o, mbwa anayekonda huku macho yakifanya ukungu huenda ana ndorobo, na tiba yake hutolewa na mtaalamu.

Kwa wanaovuka mpaka wa Tunduma kuelekea Nakonde, mbwa ni mnyama kama wengine mbele ya sheria. Mwenye mbwa aulize taratibu za kibali kwa afisa mifugo mapema, siku kadhaa kabla ya safari, akiwa na kadi ya chanjo mkononi.