Swali lililochekwa darasani: maabara iko hapa hapa Moro

Leo tuache kidogo habari za mpira na za mastaa, tuongee shule. Najua wengi wenu hapo kafe mmeshamaliza, wengine mnasubiri matokeo, wengine mnafundisha tuisheni uani kwa mtu kama mimi. Basi hii inawahusu.

Nilipokuwa Fomu Tuu nilinyoosha mkono nikauliza: "Mwalimu, kule juu Lupanga si ndo karibu zaidi na jua? Sasa mbona kuna baridi kuliko huku mjini?" Darasa zima likacheka. Mwalimu akaniambia nikae, nisipoteze muda wa wenzangu, hiyo haimo kwenye mada. Tangu siku hiyo nikaitwa "Jua" mpaka namaliza Fomu Foo. Na tangu siku hiyo sikunyoosha mkono tena. Fizikia niliimeza kama dawa ya malaria, nikaitapika kwenye mtihani, na leo ukiniuliza hata nusu yake siikumbuki.

Sasa wiki iliyopita yamenikuta. Nafundisha watoto tisa, darasa la sita na la saba. Dogo mmoja akaniuliza: "Ticha, mbona jana mto umekuwa mwekundu wakati hapa mvua haijanyesha?" Mimi jibu sina. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikataka kusema "kaa chini, tuendelee na sehemu." Nikajishtukia. Yaani nilikuwa nakaribia kumfanyia dogo kile kile nilichofanyiwa mimi.

KIJANA WA MAZIWA YA MOTO

Kabla sijasema tulifanya nini, niwape stori moja ya kweli ya Mbongo mwenzetu, maana wengi hatuifahamu.

Mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, kijana wa Fomu Srii anaitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza askrimu: unachemsha maziwa, unaweka sukari, unaacha yapoe, ndo unaingiza kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaamua kutochemsha kabisa, akawahi nafasi. Mpemba kuona hivyo akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kuangalia: ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado maji maji.

Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganya mambo. Alipong'ang'ania akachekwa, ikawa utani wa darasa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, sio ya dunia. Lakini jamaa hakunyamaza. Alipofika Mkwawa, Iringa, akaja kuzungumza nao Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam. Mpemba akauliza tena mbele ya watu. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakuwa na jibu, ila aliahidi kwenda kujaribu, na kweli akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la fizikia la Uingereza. Leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Tamu zaidi ni kwamba mabishano hayajaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa makini wakasema kwenye maji hawaoni ushahidi wa kutosha. Mwaka 2020 wengine kule Kanada wakaonyesha jambo kama hilo linatokea, ila kwa chembe ndogo sana wanazozichunguza maabara, sio kwa maziwa ya friji. Yaani swali la kijana wa Fomu Srii limewaweka maprofesa bize zaidi ya miaka hamsini!

KUFUNDISHA KWA KUDADISI NI NINI HASA?

Sio kwamba mwalimu anakaa pembeni watoto wacheze. Hapana. Hatua zake ni hizi:

1. Anza na swali ambalo mtoto anaweza kulishika kwa mkono au kuliona kwa macho.
2. Kila mtu abashiri jibu na aandike, kabla ya kujaribu. Hii ni muhimu, la sivyo wote watasema "nilijua."
3. Jaribu. Badilisha kitu kimoja tu, vingine viache sawa.
4. Andika ulichokiona, sio ulichotaka kukiona.
5. Bishaneni kwa ushahidi. Halafu mwalimu anafunga kwa kueleza.

Hiyo hatua ya tano watu huisahau. Mtoto hawezi kugundua kila kitu mwenyewe. Mwalimu lazima aongoze na mwisho atoe maelezo, la sivyo mnatoka na kelele tu.

MTO MWEKUNDU

Sasa turudi kwa dogo. Nikamwambia: "Sijui. Twende tukaangalie." Jamani, hilo neno "sijui" lilinitoka kwa shida!

Tukachukua chupa sita tupu za maji za nusu lita. Jumamosi asubuhi, mvua haipo, tukapanda njia ya Morningside. Chupa tatu tukajaza juu, karibu na msitu. Tatu tukajaza chini, mto ukiwa umeshapita kwenye mashamba na nyumba. Chupa aina moja, asubuhi ile ile. Tukaziacha zitulie hadi kesho yake, tukapima tope la chini kwa rula. (Angalizo: usiwapeleke watoto mtoni mvua ikinyesha milimani. Maji yanashuka ghafla.)

Chupa za juu tope lilikuwa kama mstari wa penseli tu. Za chini lilionekana wazi. Hapo ubishi ukaanza. Mmoja anasema ni mashamba, mwingine anasema ni watu wanaofyatua matofali, wa tatu anasema mto wenyewe unakula kingo zake. Nani yuko sahihi? Chupa sita hazitoshi kusema. Na hilo nalo ni somo.

Ila la rangi tulilimaliza. Mvua ilinyesha mlimani, udongo ukashuka na maji, sisi huku chini tuko kwenye jua kali tunashangaa. Watoto wakaelewa pia kwa nini tope linaingia Bwawa la Mindu tunakopata maji, na kwa nini Dar wanatakiwa kuujali mlima wetu: Mto Ruvu unaowanywesha unaanzia Uluguru.

SIO SAYANSI TU

Hisabati: Mji wetu uko kama mita 500 juu ya bahari, kilele cha Lupanga kama mita 2,138. Kwa wastani joto hupungua karibu nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Piga hesabu: tofauti ni karibu nyuzi 11. Na jibu la swali langu la Fomu Tuu ndo hilo: jua linapasha ardhi kwanza, ardhi ndo inapasha hewa, na hewa ikipanda inatanuka na kupoa. Kulisogelea jua kwa kilomita moja na nusu ni sawa na hakuna, maana lenyewe liko kilomita kama milioni 150. Dakika mbili tu zingetosha kunijibu.

Historia: Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakagoma, ikazuka vurugu, mtu akauawa kwa risasi, mpango ukafa. Lakini miaka ya 2000, kule Kibungo Juu, wakulima wengine walichimba matuta hayo hayo kwenye mradi wa CARE na WWF, safari hii wakilipwa, DAWASCO na Coca-Cola Kwanza wakichangia. Swali la darasa: kwa nini babu alikataa na mjukuu akakubali? Watume wanafunzi kwa wazee wawili watatu, kila mmoja alete majibu, muyalinganishe. Utasikia habari za nguvu kazi ya bure, za udongo wa chini usio na rutuba kuletwa juu, za siasa za kudai uhuru. Hiyo huwezi kuimeza, lazima uifikirie.

Kiswahili: Jina la mtaa wako lilitoka wapi? Leta maelezo matatu tofauti, useme lipi lina ushahidi na lipi ni porojo. Hapo umeandika insha bila kuambiwa "andika insha."

"LAKINI TICHA, DARASA LINA WATU MIA"

Najua. Sisi tulikuwa zaidi ya 90. Na simlaumu sana mwalimu wangu. Mnawakumbuka walimu wa "Voda Fasta"? Mwaka 2006 shule za kata zilipoanza kufumuka kila kona, vijana waliomaliza Fomu Siksi walipewa mafunzo mafupi wakaingizwa darasani. Mtaala wa 2005 ulishasema mwanafunzi awe mtendaji, ila karatasi ni kitu kimoja, darasa lenye chaki moja ni kingine. Mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 nayo inasisitiza ujuzi. Sawa, lakini mtihani ukiendelea kuuliza "taja sababu nne," watu wataendelea kumeza sababu nne.

Ushauri wangu mdogo: usibadilishe kila kipindi. Anza na swali moja kwa wiki. Darasa kubwa ligawe vikundi vya watu wanane, kila kikundi chupa moja.

Na vifaa vya kufundishia vipo bure, tena kwa Kiswahili. Hapo hapo ulipo, tafuta TESSA. Ni mpango ulioanza 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni mshirika. Kuna kazi za darasani za kusoma na kuandika, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii na stadi za maisha, na mifano ya walimu wa Afrika waliozijaribu kwenye madarasa kama yetu. Mpelekee mwalimu wa mdogo wako kurasa tatu tu ulizoprinti.

Dogo wangu juzi kaja na swali lingine: kwa nini konokono wanatoka mvua ikinyesha? Nimemwambia abashiri kwanza.

Haya wadau, zamu yenu. Swali gani ulichekwa darasani na mpaka leo hujajibiwa? Litupie hapo chini kwenye maoni. Anayejua ajibu, asiyejua aseme tujaribu vipi. Ila kucheka mtu marufuku!