ELIMU YA KUVIKINGA VISIWA NA MARADHI YA MIFUGO NA MIMEA

Wananchi wanakumbushwa kuwa mwaka 1997 kisiwa cha Unguja kilitangazwa kuwa kimeepukana na mbung'o, waenezao nagana kwa ng'ombe. Madume tasa zaidi ya milioni 8, waliozalishwa Tanga, waliachiwa kutoka angani. Majike waliopandwa nao hawakuzaa.

Kwa kuwa mbung'o bado wapo Bara, ulinzi huo ni wa kudumu, nao wahitaji wasomi. Kijana aliyefaulu sayansi anaweza kusomea udaktari wa mifugo au kinga ya mimea, mathalan katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Wahitimu huwa wakaguzi wa karantini bandarini na viwanja vya ndege, wataalamu wa maabara, au watafiti.

Wazazi na walimu wakuu wanaombwa kuwashajiisha vijana, wake kwa waume.