Lualaba: jinsi herufi moja inavyoweza kupoteza gunia la kobalti

KOLWEZI – Jina la Musonoi, hapa Kolwezi, huandikwa Musonoi, Musonoï au Musonoie. Msomaji anaelewa kuwa ni pale pale. Programu ya simu haielewi.

Jambo hilo si dogo. Mwaka 2019 serikali iliunda kampuni ya EGC na kuipa haki ya pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo, na wanunuzi wa nje wanataka kujua kila gunia limetoka wapi.

Programu nyingi zina sehemu ya kuandikia lebo: mtu anaandika neno, anagusa koma, na neno linageuka kijisanduku chenye alama ya kufuta. Kila mtu akijiandikia apendavyo, mahali pamoja panakuwa patatu. Anayetafuta magunia ya “Musonoi” hatayaona ya “Musonoie”.

Dawa si ngumu. Mtu akianza kuandika “Mus”, programu imwonyeshe majina yaliyokwisha kukubaliwa, achague. Ikatae lebo iliyorudiwa, isitofautishe herufi kubwa na ndogo, na orodha ihifadhiwe ndani ya simu, ili kazi iendelee hata mtandao ukikatika. Jina jipya lisubiri kwanza idhini ya msimamizi.