Leso Kuukuu na Nguo za Mtoto Ajaye

Katika nyumba nyingi za pwani, tangu Mambrui hata Takaungu, leso kuukuu haitupwi. Ikiisha kupauka kwa jua na jina lake kufutika, hufuliwa, hukunjwa, ikawekwa sandukuni ikangoja. Siku binti wa nyumba hiyo awapo mjamzito, mama yake au shangazi yake huitoa, huitandaza juani, huivuta kwa mikono miwili aone kama uzi wake ungali na nguvu, kisha huitia mkasi. Huo ndio mwanzo wa nguo za mtoto.

Wako wazee wasiopenda kazi hiyo ifanywe mapema. Husema kwamba kumwekea nguo mtoto asiyezaliwa ni kuwaita mahasidi, au ni kujitwalia lililo katika milki ya Mungu. Hofu hiyo haikuzuka bure. Imetoka katika nyakati ambazo watu wengi walizika watoto wachanga, na mama aliyebakiwa na sanduku la vinguo visivyovaliwa alikuwa na huzuni mara mbili. Basi haifai kuwacheka wazee hao. Walakini mtoto huja kwa saa yake, pengine usiku wa mvua za masika, pengine mwezi mzima kabla ya hesabu. Na huyo aliyezaliwa kabla ya siku zake ndiye ahitajiye zaidi kitambaa kikavu. Dawa ya ugomvi huu imo katika leso kuukuu yenyewe. Si nguo mpya, haikununuliwa dukani kwa ajili ya mtoto, wala haimtangazii jirani jambo lolote. Imekuwamo nyumbani siku zote. Imekatwa tu na kupigwa pindo.

Wajuao habari za leso husimulia kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na pwani walinunua vitambaa vya mkononi ambavyo jina lake lilitokana na lugha ya Wareno, navyo viliuzwa vingali vimeungana katika jora. Walikata vipande sita, wakavigawa safu mbili za vitatu vitatu, wakazishona pamoja, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Leso ya leo ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu sentimita 110. Ikigawanywa mara tatu kwa urefu na mara mbili kwa upana, hutoka vipande sita vya sentimita 50 kwa 55, na kila kimoja chatosha kuwa nepi ya mtoto mchanga kikikunjwa pembe tatu. Hivyo leso hurudi kuwa vile vitambaa sita ilivyoanza navyo. Doti moja hutoa nepi 12. Doti mbili hutoa 24, nazo zamtosha mama afuaye kila siku, hata siku ya mawingu.

Leso mpya haifai kazi hii. Ina wanga unaoikakamaza, rangi yake hutoka majini, wala hainyonyi vema mpaka ifuliwe mara nyingi. Tena siku hizi ziko leso zilizochanganywa nyuzi za plastiki. Mwenye shaka achomoe uzi mmoja auchome kwa kiberiti: uzi wa pamba huungua ukawa majivu mepesi, ule mwingine huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Wa pili usimguse mtoto.

Ushonaji wenyewe si mgumu. Pindo hukunjwa mara mbili lisitoe nyuzi, maana uzi uliolegea huweza kujizungusha katika kidole cha mtoto ukakaza, na mama asione. Asiye na cherehani apige bandi kwanza, kisha ashone kwa mkono, mishono midogo midogo. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanzishwa mwaka 1952 wakati wa serikali ya ukoloni, vilifundisha kushona pamoja na malezi ya watoto. Lakini sindano haikuwa ngeni pwani. Bibi wa Kigiriama ajuaye kukunja marinda ya hando hahitaji kufundishwa namna ya kukunja nepi.

Baada ya nepi huja mfarishi, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa wema. Mfarishi wa zamani ulijazwa pamba, au sufi ya mti wa msufi, ukawa laini kama wingu. Kwa mtu mzima ni raha. Kwa mtoto mchanga ni hatari, kwa kuwa hana nguvu ya kugeuza kichwa pua yake ikizama. Mfarishi ufaao ni mwembamba na mgumu kidogo: leso tatu au nne kuukuu zikilazwa moja juu ya nyingine, zikapigwa bandi kutoka katikati kwenda pembeni zisikunjamane, kisha zikashonwa kwa mistari iliyo karibu, upana wa vidole viwili baina ya mstari na mstari. Wanawake wa Bengal, huko Bara Hindi, wameshona vivyo hivyo sari zao kuukuu kwa vizazi vingi, na kazi yao huitwa kantha. Mfarishi wa namna hii hufulika wote na kukauka kwa siku moja. Hutandikwa chini ya mtoto, haumfuniki. Mto hauhitajiki hata kidogo. Na kofia nene ya sufu, ambayo mara nyingi huonekana kichwani mwa mtoto mwenye afya adhuhuri ya kaskazi, ni mateso tu.

Vitambaa vya saa ya kuzaliwa vyafaa kutengwa mbali na vingine. Viwe viwili vipana, vyepesi kunyonya. Cha kwanza ni cha kumkausha mtoto mara azaliwapo, nacho huondolewa kwa kuwa kimelowa; cha pili ni cha kumfunika akiwa amelazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Joto la mama humtunza mtoto. Huko Bogotá, Colombia, tangu mwaka 1978 waganga waliwalaza watoto njiti katika vifua vya mama zao, kwa kuwa vyombo vya kuwatia joto vilikuwa haba, na desturi hiyo imeenea duniani. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, illa iwepo sababu. Mama wa Bamba au Marafa, ambaye safari yake ya hospitali ni ndefu, asingoje uchungu ndipo atafute vitambaa hivyo.

Mbeleko yataka leso iliyo nzima, yenye nguvu, isiyo na kiraka mahali pa kubeba uzito. Heshima yake ni kubwa: katika mila za Waswahili, mama anayemwoza binti yake hupewa ubeleko, ukumbusho wa nguo aliyombebea. Huo haukatwi.

Kiko kitu kimoja ambacho hakishonwi upya, bali hushonwa kilipotoboka, nacho chapita vyote kwa faida. Ni chandarua. Baina ya mwaka 1993 na 1995 wachunguzi walifanya jaribio Kilifi, wakawapa watu wa vijiji kadhaa vyandarua vyenye dawa, wakalinganisha na vijiji visivyopata. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa karibu theluthi moja, na waliolazwa hospitali kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Basi mjamzito na akitundike chandarua chake mchana, aingie ndani, atazame juu kwenye mwanga. Kila tundu lionekanalo lishonwe siku ile ile, kwa uzi wa kawaida au kwa kiraka kilichokatwa katika chandarua kilichokwisha kazi. Wako wanaokizungushia miche ya mboga au kuvulia dagaa. Kuku na samaki watafutiwe chombo kingine.

Kazi ikiisha, nguo zote hufuliwa kwa sabuni, huanikwa juani kwenye kamba, wala si juu ya majani au mchanga. Yuko nzi atagaye mayai katika nguo yenye unyevu, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto akafanya jipu. Kwa hiyo pasi ya moto ipite pande zote mbili, hasa penye pindo, ambapo unyevu hukaa. Kisha nepi zifungwe pamoja, vile vitambaa viwili viwekwe juu kabisa, na furushi liwekwe mahali ambapo mume pia apajua, maana huenda yeye ndiye atakayelichukua gizani.